Fuko Lenye Miguu

Hjördis Wikberg aliingia dukani mwangu, Arjeplog,
akiwa ndani ya bidhaa yake.
Fuko la kulalia, rangi ya haradali,
lina mikono, lina miguu yenye soli za mpira,
na kofia inayobana uso hadi mtu abaki pua.
Salamu hakutoa. Alizunguka rafu ya majiko ya gesi,
akachuchumaa, akapanda ngazi, akashusha kamba
asiyoihitaji.
"Umeona?"
Nimeona.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hiki, Mungu wangu, kimeshonewa miguu kabisa.

Miaka kumi na tisa alishona ovaroli za chekechea,
akijiuliza kwa nini mtoto agaegae thelujini mchana kutwa
na mtu mzima, usiku mmoja tu porini,
afungwe kama maiti, mikono ubavuni.
Anataka nichukue arobaini.
Bei ya moja, baiskeli nzuri.

Chini ya kaunta nina droo, urithi wa baba,
makaburi ya werevu.
Humo mna kijiko chenye meno ya uma na makali ya kisu;
kila aliyekinywea supu alikoma kwa damu.
Mna vigingi vya hema vya kung'aa gizani,
ving'aavyo mchana.
Mna birika la kukunjwa, lililojikunja lenyewe
chai ikiwa ndani.
Lakini mna pia daftari lake, na ndani,
mwaka niliozaliwa, kwa wino wa bluu:
*Taa ya kufunga kichwani.
Nani atataka kufanana na mchimba madini? Haitauzika.*
Mwezi uliopita nimeuza themanini na mbili.

Kwa hiyo hukumu siitoi nikiwa nimekaa.
Nikalibeba hadi Hornavan, Machi, ziwa likiwa jiwe,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Niseme haki. Kulivaa ni kumvisha pweza soksi.
Joto halina ushirika humo:
goti la kushoto halijui habari za la kulia.
Ukigeuka, lenyewe hugeuka baadaye, likipenda.
Na wapenzi je? Mafuko ya kawaida huungana kwa zipu;
haya yatakumbatiana tu,
kama dubu wawili waliofiwa.

Saa nane usiku Tussa, mbwa wangu, akakata kamba
akalifuata tundu la nyavu, lile pana,
walilokuwa wameliacha wazi wavuvi wa jana.
Sikufikiri. Nilikuwa nje.
Sijafungua zipu, sijatafuta buti, sijalaani mtu,
nakimbia juu ya barafu kama kifaranga mkubwa wa haradali
nikamdaka ukosi, kucha zake tayari
zikikwaruza ukingo wa maji meusi.

Hema la jirani likawaka tochi.
Ingemar Stålnacke, mwongoza wavuvi,
alicheka hadi kikohozi kikamwinamisha.
Akapiga picha. Akapiga nyingine.
Akaniuliza kama nataga.

Asubuhi alikuja na kahawa yake,
akasimama kando, akautazama moto muda mrefu
kama mwenye deni.
"Kuna la mtu mrefu?"
Kimya.
"Si langu mimi."

Nimekaa sasa na karatasi ya oda.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda: hilo nalijua.
Hata droo nimeiacha wazi makusudi, initishe.
Nimeandika nne. Nimefuta.
Nimeandika tisa, moja la kimo cha Ingemar,
na pembeni, kwa wino wa bluu,
sikuandika *litauzika*, wala *halitauzika*.
Nimeandika: *mbwa mzima.*
Aje mwanangu asome, acheke anavyotaka.